Fishi ya kaka yake Mama Zaina

Kindu, Jumanne jioni

Tena Mama Zaina. Yeye njo anaandika fishi za familia za mtaa wa Kasuku, rekodi moja kwa kila mtu, kwenye paji ya kompyuta niliyoitengeneza, na leo ameniita mara ya tatu: "Mashini iko inakataa fishi."

Nilienda na hasira. Nilidhani ni macho yake, na wiki iliyopita nilishamukuzia herufi, nikapanga kazi yote aifanye kwa vitufe vya klaviye tu, asitafute mshale kwenye skrini.

Kumbe anaona vizuri. Fishi ni ya kaka yake, aliyepanda treni wakati wa vita. Mimi niliweka majibu mawili: hai, amekufa. Usipochagua moja, fishi haihifadhiwi.

"Niandike amekufa? Nani alimuzika?" akaniuliza. "Na nikiandika hai, niseme anaishi wapi?"

Sijui paji yangu imeshalazimisha watu wangapi kudanganya. Hilo linanisumbua.

Nikaongeza jibu la tatu palepale: hajarudi. Akalichagua mwenyewe, mashini ikakubali fishi. Halafu akasema, "Mwanangu, weka na nafasi ya tarehe ya kurudi."

Sikubisha. Nimeiweka. Ila hiyo inaweza kubaki tupu, na mashini itakubali fishi.