Gari Lililovuja Njia ya Peramiho

Mjukuu wangu Tasiana,

Shikamoo yako imetufikia hapa Songea, marahaba sana. Mahindi tumeshapukuchua, na goti la babu yako limepata nafuu.

Unauliza nilijuaje kwamba babu yako ndiye. Naona swali hilo lina mtu nyuma yake, lakini sikuulizi.

Mama yangu alizidiwa masika, tukatakiwa kumpeleka hospitali Peramiho. Kijijini kwetu Mpitimbi gari lilikuwa moja, vani kuukuu ya kijana niliyemfahamu kwa salamu tu. Kabla ya kuondoka alimwendea mama pale nyuma alipolazwa.

"Mama, transfa inavuja. Ndiyo inayopeleka nguvu kwenye magurudumu yote manne, na ikikauka mafuta hatutoki kwenye tope. Nitakuwa nasimama kuongeza. Nikisimama, usiogope."

Kila aliposimama alilala topeni chini ya gari, akaongeza mafuta. Kisha, kabla hata hajajifuta uso, alifungua mlango wa nyuma. "Bado tunakwenda, mama."

Mama alinishika mkono. "Huyu hanifichi kitu," akasema. Nilikuwa nalia tangu tuondoke nyumbani, hapo nikanyamaza.

Tulifika, na mama akapona. Siku kijana yule alipokuja nyumbani kumjulia hali, mama aliniita kwa sauti nikiwa jikoni: "Mletee mwenzio kiti!"

Sikuuliza amekuwa mwenzangu tangu lini. Nilikwenda kuleta kiti.

Nakuwaza kila siku,
Bibi yako