Nimemsugua Kasa wa Mteja

Mpendwa mshauri, nisaidie haraka, mimi najifunza usonara kwa mjomba wangu, mengine kanifundisha yeye, mengine najifunza mwenyewe kwenye simu, na hapo ndipo nilipojiponza. Mama mmoja kaleta sarafu ya dhahabu, zile za kukusanya zinazotolewa na nchi ndogo za visiwani, ina kasa anaogelea, kaachiwa na marehemu baba yake, anataka tu kikasha kipya cha kioo. Mjomba akamwambia, "Dada, hapa haiguswi hata na ukucha." Sasa mjomba katoka kununua kioo, mimi naona sarafu inameta lakini kasa mwenyewe kafifia, kama kapuliziwa pumzi, nikasema huu uchafu, nikamweka kwenye mashine ya kung'arishia, mara moja tu, gamba likawa laini na jicho likapotea! Kuangalia kwenye simu, kumbe wenzake wote wana ule ukungu, ndivyo wanavyotengenezwa!

Mjomba haoni vizuri, hajagundua, kanipiga bega, "Fundi wangu, mwisho wa mwezi tunamkabidhi mama mali yake." Nikacheka huku meno yanagongana. Mlango ukigongwa tu najificha nyuma ya kabati. Nimtie msasa kasa arudishe ukungu, au nitoroke? Akijua atanifukuza, na sina pengine pa kujifunzia.

Mikono Inatetemeka

JIBU

Wewe Mikono, weka huo msasa chini! Umeshamnyoa kasa wa watu, sasa unataka kumchuna? Ule ukungu ndio kazi ya aliyemchora. Haurudi kwa msasa, wala kwa video nyingine.

Pole sana. Ila unaogopa kisichofaa kuogopwa. Siku ya kukabidhi, mjomba wako atamtazama yule mama usoni na kuapa, kwa moyo mweupe, kwamba haijaguswa. Mama ataigeuza kwenye mwanga. Nani ataitwa mwongo? Wewe? Thubutu! Ni yeye aliyekuita fundi.

Kwa hiyo usitoroke, wala usimtume mama yako kwa kaka yake akusemee. Mpe mjomba sarafu mkononi, sema, "Mjomba, niliisugua mimi," kisha funga mdomo, hadithi za simu hazimsaidii. Ampigie mteja leo hii, na wewe simama hapo hapo uisikie sauti ya huyo mama. Akiomba alipwe, mshahara wako uanze kukatwa.

Huenda mjomba akakufukuza, sikudanganyi. Nenda hivyo hivyo, na hofu yako.