La ya Papa Kahongya

Mwaka umetimia, Papa Kahongya, tangu ulipotuacha, na nyumbani kwetu Vulamba, hapa Butembo, bado mtu hapigi chafya bila mmoja wetu kuuliza hiyo ilikuwa noti gani ya muziki. Umetuharibu kabisa, Papa, na tunakushukuru.

Ulikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kwa miaka thelathini na moja uliongoza kwaya ya kanisa letu. Uliamini kwamba kila mtu anaweza kuimba, hata Ananie, ambaye wengine walikuwa wamemkatia tamaa. Ulimweka kwenye besi, sauti ya chini kabisa ya wanaume, ukamwambia atulie huko chini atubebe. Leo anaendesha pikipiki ya abiria Beni, na bado kila Jumamosi anapanda Butembo kwa mazoezi.

Tunakumbuka ngazi nane za udongo ulizochimba mwenyewe mbele ya kanisa, kila ngazi noti yake, kuanzia do ya chini hadi do ya juu mlangoni. Kati ya mi na fa, na kati ya si na do, ulizichimba fupi, nusu ya zile nyingine, kwa sababu ndivyo sauti zinavyopanda. Waimbaji wapya uliwapandisha pale wakiimba, mpaka miguu yao ikaelewa kabla ya masikio. Wageni walijikwaa. Mchungaji mmoja kutoka mkoa mwingine aliangukia fa, yeye na Biblia yake. «Pole, pasta, mais pale iko nusu,» ulimwambia, wala hukucheka. Mwaka huu wazee wa kanisa wametaka mara mbili kuzisawazisha, na Mama Mariette, mke wako, amekataa mara mbili.

Tunakumbuka ulivyomsumbua huyo huyo mama. Alipotwanga sombe, majani ya muhogo, wewe ulikaa kwenye kiti chako ukihesabu mapigo kwa kidole. «Mama Jephté, unakimbiza.» «Basi kuya utwange weye mwenyewe!» Ukaja, ukatwanga kwa mapigo yaliyo sawa kabisa, na sombe tukaila na vijiti vyake.

Na pumziko, ile alama inayomwamuru mwimbaji anyamaze! «Pumziko haiko kulala,» ulikuwa unasema. «Ni kunyamaza na kuhesabu.» Neno hilo tumelikumbuka mara nyingi mwaka huu.

Zaidi ya yote tunakumbuka asubuhi zako na Séphora, binti yako wa mwisho. Akiwa anafagia uwanja, ulimwita kutoka mlangoni: «Séphora, nipatie la.» Ndiyo noti ambayo kwaya nzima hupimia sauti zake. Yeye aliimba. Kisha ulitoa mfukoni diapason yako, kile chuma chenye meno mawili kinachotoa la ile ile siku zote, ukaigonga gotini na kuiweka sikioni. «Chini kidogo. Ulilala mubaya.» Au: «Ndiyo yenyewe. Fagia.» Alidhani ni mchezo tu wa baba na mtoto.

Siku ya kukuzika tulikosea. Tulikuvika koti lako la Jumapili bila kuangalia mifuko. Kaburini kwaya ikajipanga, ikaitafuta diapason, na jeneza lilikuwa limeshateremshwa. «Iko mu koti!» mama alilia. Ananie, kwa kutaka kusaidia, akaanzisha wimbo kwa kukisia, akauanza juu mno. Kufika mstari wa pili akina mama wa soprano walikuwa wanapiga kelele, na wimbo ukakatika mbele yako, wewe ambaye hukuvumilia hata kikohozi mahali pasipo pake.

Ndipo Séphora akafumba macho, akawaza ameshika ufagio wake, akaimba la. Kwaya ikaipokea. Tukakuimbia kwa sauti zote nne mpaka mwisho.

Lakini yeye hakupata amani. Kwaya ilimwomba ashike nafasi yako, na mwaka mzima alikataa. «Donc nitafundisha batu nini,» alimwambia mama, «kama siku ya papa nilikosa noti? Nani alipima?» Hakuna aliyekuwa amepima. Kwaya ikakaa bila kiongozi, na watu wakaanza kupungua mazoezini.

Wiki iliyopita dada yako Christa alifika kutoka Kasindi na diapason mpya, ambayo dereva mmoja wa lori alimtafutia ng'ambo ya mpaka. Séphora aliipokea, asiigonge. Alitoka uwanjani, akachukua ufagio, akafagia kidogo. Akaimba kwanza, la ile ile aliyotupa kaburini, sote tuliitambua. Kisha akagonga chuma gotini, akakiweka sikioni, akasikiliza mpaka kiliponyamaza. Halafu alikaa chini pale pale vumbini, akalia.

«Ndiyo yenyewe,» alisema.

Mama Mariette akamjibu kutoka jikoni, kwa niaba yako: «Fagia.»

Jumapili hii, saa tatu asubuhi, Séphora atasimama mahali pako. Watakaokuja kutuunga mkono tunawakaribisha, ila waangalie miguu wakifika fa.

Wanaokukumbuka kwa shukrani: mke wako Mariette, watoto wako Jephté na Séphora, mjukuu wako Shekinah, dada yako Christa, Ananie na kwaya nzima.

Asante, Papa. Kila asubuhi ufagio ukianza, tutakuwa nawe.