Pikipiki Imeacha Kubisha Hodi

Jumatatu, 9 Septemba 2024

Pikipiki imenizimikia tena. Mlima ule ule wa kutoka mjini, mbele ya watu wale wale wa kibanda cha chipsi. Moshi mweusi, inakohoa, inakufa. Nimeisukuma mpaka Kihesa na boksi la chanjo mgongoni. Kuku wa vijiji viwili wamechanjwa, mchanjaji ndiye hoi.

Nimempitia fundi Mika pale kona. Kaipiga kiki mara moja tu, kainamisha kichwa, kasema eya klina imeziba — ile inayochuja hewa kabla haijaingia kwenye injini. Nikadhani ataniambia ninunue nyingine. Wapi! "We toa tu dada, tupa kule, iache ipumue." Na vumbi je? Kacheka. Vumbi la Septemba hapa Iringa liingie kwenye injini hivi hivi! Nimemwambia nitafikiria. Sifikirii chochote.

Mama alikuwa barazani kama kawaida. Leo hakusikia mngurumo, kasikia viatu. Wala hakusema pole mwanangu. Kasema: "Pikipiki ya Vitus iko wapi?"

Ya Vitus! Miaka minne naiendesha mimi, naitia mafuta mimi, naanguka nayo mimi. Kaka aliiacha hapa siku aliyohamia Mbeya na hajakanyaga tena. Lakini ikinguruma tu pale kona mama anainua uso, "Huyo Vitus." Anajua fika ni mimi. Anasema ni utani. Miaka minne utani mmoja!

Jumanne, 10 Septemba

Madaktari wa macho wanakuja hospitali Alhamisi ya wiki ijayo, tarehe 19. Jina la mama limeshaandikwa. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Wataanza na la kulia.

Nilifikiri atafurahi. Kampapasa paka, halafu: "Nitakwenda Vitus akija."

Mpaka Vitus aje! Nikamuuliza kwa nini. Kasema kitambaa kikitolewa machoni anataka wa kwanza kumwona awe Vitus. "Wewe nakujua."

Ananijua. Mara ya mwisho mama kuniona sawasawa nilikuwa sina mvi hata moja. Nimekwenda kuosha vyombo, nimevigonganisha makusudi. Naandika hapa kwa kuwa hakuna wa kusoma: nina miaka arobaini na mitatu na namwonea wivu kaka yangu. Nimeandika. Basi.

Jambo la pili. Mama hapandi gari, anatapika hata halijatoka stendi. Anachopanda ni pikipiki tu, kanishika kiuno kwa mikono miwili. Kwa hiyo Vitus aje asije, pikipiki lazima ipone kabla ya tarehe 19. Mlima wa hospitali na watu wawili juu — kwa hali hii haifiki hata nusu.

Alhamisi, 12 Septemba

Nimeifungua mwenyewe. Uani, juu ya gunia, bisibisi ya cherehani na kikopo cha kuwekea skrubu. Kava la pembeni limetoka bila ubishi. Chini yake boksi la filta, mfuniko wake una skrubu tatu. Moja haipo, nafasi yake kuna mpira wa baiskeli umefungwa fundo.

Na mfuniko una matundu! Kumi na mbili, nimehesabu. Yametobolewa kwa msumari wa moto. Kumbe mngurumo wote ule ni hapa, hewa inavutwa kwenye matundu. Miaka minne nadhani nina injini kubwa.

Nikavuta filta. Haikuwa filta. Ni kipande cha sponji, cheusi tii, kizito kwa vumbi na oili. Nikakigeuza. Upande wa pili bado kuna kitambaa. Maua ya zambarau.

Nimekaa chini nikacheka mpaka machozi yakatoka. Godoro la mama! Lina tundu la mraba upande wa miguuni, miaka minne. Mama aliwalaumu panya. Aliweka mtego, mtego ukambana yeye kidole. Mwisho akaomba paka kwa jirani, akamwita Polisi. Paka kaajiriwa kwa kesi ya kubambikiwa!

Nimempigia Vitus, yuko kwenye duka lake la spea kule Soweto ya Mbeya. Nikasema maneno matatu tu: maua ya zambarau. Naye kaanza kucheka. Anasema filta ilikuwa imeoza, ilikuwa Jumapili, maduka yamefungwa, na safari ya Mbeya ni kesho yake. "Usimwambie mama." Atatuma filta mpya na mfuniko mzima kwa basi la Jumamosi. "Au nitaileta mwenyewe, nione kwanza." Naijua hiyo nione kwanza ya Vitus.

Mama kauliza nacheka nini. Nikasema naongea na Vitus, itakuja Jumamosi.

"Atakuja?"

Nilisema *itakuja*. Filta! Yeye kasikia *atakuja*. Kaushika mkono wangu wa grisi. Nilikuwa na nafasi ya kusahihisha, tena nafasi ndefu tu. Sikusahihisha.

Jumamosi, 14 Septemba

Mama kaamka, kavaa kitenge cha Pasaka. Kaamuru jogoo achinjwe. Nimemchinja mimi, na uongo wangu moyoni.

Stendi saa nane. Basi limefika. Filta imefika. Vitus hajafika.

Kondakta kanikabidhi boksi, jina langu limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito, LEA KALINGA IRINGA. Nimerudi nalo mapajani, naendesha taratibu isizime, maana sponji nimelirudisha kwa muda, natafuta maneno. Sikuyapata. Nimesimama mbele ya mama, nimesema: "Mama, ilikuwa filta. Vitus katuma filta."

Kapokea boksi. Kalitikisa. Kalinusa. "Ndiyo hii?" Ndiyo hii mama.

"Haya, tule."

Nilitegemea kilio. Kala paja, kala mgongo, kaomba na ukoko wa wali. Halafu kalala usingizi mzuri. Mimi ndiye niliyeshindwa kula. Simwelewi.

Jumapili, 15 Septemba

Baada ya misa nimeifunga. Kwanza kitambaa safi kwenye bomba la kwenda kabureta, uchafu usidondokee ndani. Nimefuta boksi kwa kitambaa chenye maji kidogo, mara tatu, mpaka kikatoka kilivyoingia. Vumbi lililotoka humo ungepandia mchicha. Filta mpya ni ya njano na ina mpira pembeni kuzunguka. Mpira lazima ukae pande zote, ukipinda hata kidogo hewa chafu inapita. Nilikosea mara ya kwanza, niliigeuza nje ndani. Nimeitoa, nimeirudisha. Mfuniko mpya, hauna tundu. Skrubu tatu. Tatu kamili!

Nimepiga kiki. Nikadhani haijawaka. Nikapiga tena, ikakwaruza — kumbe ilikuwa inaunguruma tayari, kwa upole tu. Moshi hakuna. Nimeizungusha mpaka kwenye ule mlima wa chipsi na kurudi. Imepanda bila hata kuomba gia. Nimewapungia watu wa kibandani.

Nimerudi nikakuta mama kashika sponji. Nililiacha juu ya gunia, mjinga mimi. Analipapasa upande wa kitambaa, kwa kidole kile kile cha mtego. Kapapasa weee.

"Hii godoro yangu hii."

Nikafuta mikono kwenye gunia.

"Ile panya ilikuwa na miguu miwili."

"Ndiyo mama."

"Na duka la spea."

Tumecheka wote wawili, Polisi kakimbia juu ya ukuta. Muda mrefu hatujacheka hivyo. Kisha kanipa sponji, kasema nililoweke kwenye sabuni, nikalishone pale lilipotoka.

Jumanne, 17 Septemba

Leo nimejua kitu.

Nimerudi mapema kutoka vijijini. Geti lilikuwa wazi, nikaingia na pikipiki mpaka kwenye mti wa parachichi. Mama hakugeuka. Zamani angeinua uso tangu kona! Yuko barazani, mgongo kwangu, Polisi mapajani, anaongea naye. Sikutaka kusikiliza. Nimesikiliza.

Anamwambia paka kwamba Vitus haji. Anamjua mwanawe, hawezi kuja. Ndiyo maana alimtaja Vitus. Angemtaja mtu anayekuja, si wangempeleka?

Halafu kwa sauti ndogo: "Nikitoka kule giza tupu, je? Sasa hivi angalau naona mlango."

Kwa hiyo ndiyo hivyo. Wiki nzima nimekula wivu bure. Mama hamsubiri Vitus. Mama anaogopa, na Vitus ndiye kisingizio chake. Jumamosi hakulia kwa sababu alikuwa amenusurika kupelekwa!

Nimeisukuma pikipiki hadi nje, nimebamiza geti, nimekohoa. Mama kashtuka: "Kumbe wewe! Hii pikipiki yako siku hizi haibishi hodi."

Yako, kasema. Pikipiki *yako*.

Jumatano, 18 Septemba

Sikumwambia nimesikia nini. Nimesema tu, mama, kesho saa moja asubuhi nakupeleka. Nakaa pale pale, siendi hata kunywa chai. Ukiogopa tunaogopa wote.

Kauliza sweta lake la kijani liko wapi.

Nimempigia Vitus. Sikubembeleza. Nimesema mama anapasuliwa jicho kesho, linafunguliwa Ijumaa, amekutaja wewe. Kasema dada nitajitahidi. Nitajitahidi ya Vitus naijua, ni ndugu yake nione kwanza.

Sponji limekauka. Lina rangi ya chai. Nimelishona.

Alhamisi, 19 Septemba

Baridi, ukungu mpaka chini. Mama nyuma, sweta la kijani, mikono kiunoni kwangu. Kabla hatujafika barabara kuu kauliza: "Umeizima?" Hapana mama, tunakwenda. "Mbona nasikia kuku za watu?"

Miaka yote nampakia mama hatujawahi kuongea tukiwa juu ya pikipiki. Mngurumo ulikuwa unakula kila kitu. Leo kidevu kipo begani kwangu na kila neno nalisikia. Kanisimulia kanga za harusi yake. Kasimulia baba alivyoogopa kung'oa jino. Mlima wa hospitali umeanza, pikipiki inapanda tu, na hapo ndipo aliposema.

"Lea. Nikifunguliwa nikakuta giza, bora giza hilo liwe la Vitus."

Nikamuuliza ana maana gani.

"Vitus nimeshazoea kutomwona."

Nilikuwa na barabara mbele na machozi, na hata mkono mmoja siwezi kuutoa kwenye usukani niyafute. Nimeushika mlima mpaka juu. Haikuzima.

Wamemwingiza saa tano, wamemtoa saa sita kasoro. Kitambaa cheupe jicho la kulia. Analala huko. Nesi kasema upasuaji umekwenda vizuri, lakini la kuona au kutoona tutajua kesho. Nimerudi nyumbani kumlisha Polisi. Nyumba kubwa hii!

Ijumaa, 20 Septemba

Naandika hapa kwenye benchi, nje ya chumba cha macho. Tuko foleni tangu saa tatu, sasa inakaribia saa sita. Wagonjwa wengi, daktari mmoja. Mbele yetu amebaki mzee mmoja. Mama yuko pembeni yangu, mikono imekaa mapajani. Amewasalimia watu wote wa benchi, "Kamwene, kamwene," kwa sauti tu, bila kujua amemsalimia nani.

Mzee kaingia. Kwa ndani tumesikia akicheka.

Mama kaniuliza nimevaa nini. Gauni la bluu. Lile la kola? Hilo hilo. Kisha kashika mkono wangu, kageuza vidole, kapitisha kucha yake kwenye kucha zangu. Oili bado ipo, haijatoka tangu Jumapili. Nikasema ngoja nikanawe, bomba lipo pale.

"Usinawe."

Nikasema mama, ni chafu.

"Usinawe. Nikuone ulivyo."

Nimekaa. Jana alitaka giza liwe la Vitus. Leo anauliza kola! Labda kabadilisha mawazo usiku. Labda ananituliza. Sijui, na sithubutu kuuliza.

Simu imetetema. Vitus! Nikainuka, nikasogea hatua mbili. Kashuka Ipogolo, hapa hapa Iringa, sasa hivi. Kapanda basi la alfajiri kabisa kutoka Mbeya, hakusema kwa sababu alijua sitamwamini. Na kweli nisingemwamini. Anatafuta boda, robo saa tu. "Dada, mwambie mama anisubiri. Wasifungue kabla sijafika."

Nimerudi kukaa. Mzee katoka, anatazama dari, anatazama viatu vyake, anatazama kila mtu. Nesi kasimama mlangoni na faili.

"Apolonia Kalinga."

Mama kainuka peke yake. Kanyoosha mkono, sio mbele kwa nesi, pembeni, kwangu. Nesi anasema harakisheni mama, daktari ana kikao.

"Nani alikuwa kwenye simu?" kauliza mama.

Mkono wake umeshika vidole vyangu vya oili. Nesi anasubiri. Kwenye simu kuna ujumbe, *nimepata boda*. Naandika haya nimesimama, kwa mkono mmoja, mwandiko umepinda wote. Mama sijamjibu.