Koti la Baba Nililolipima Vibaya

Mtaa wa Spruce, Na. 214,
Ishpeming, Michigan.
9 Mei 2024

Mpendwa Shangazi Lorna,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Naliandika kabla ya salamu kwa sababu najua nikianza na salamu nitajaza ukurasa mzima na kulikwepa. Koti la baba halimbani kwa kuwa amenenepa. Linambana kwa sababu mimi nililipima vibaya.

Sasa nakusalimu. Hujambo, shangazi? Goti lako linaendeleaje tangu lipasuliwe? Mjomba Ernesto hajambo, na joto la New Mexico limeshaanza? Huku sote ni wazima, ila theluji kidogo bado imeng'ang'ania nyuma ya gereji. Shuleni nimebakiza mitihani miwili.

Baba amepungua ratili themanini na tano tangu daktari alipomwambia ana kisukari. Ukimwona kwa nyuma hutamtambua. Nguo za ngozi za kupandia pikipiki ulizomshonea kabla hujahama zikawa zinaning'inia kama zimetundikwa msumarini. Septemba alianguka na pikipiki kwenye changarawe, mwendo mdogo tu, lakini kinga ya kiwiko ikazunguka upande wa ndani na mkono ukachubuka wote. Mama akasema hapandi tena pikipiki mpaka avae nguo inayomkaa. Mpya hataki. Anasema mtu akinunua nguo mpya anajitangaza mwembamba mapema, na ratili zikisikia zitarudi.

Basi nikajitolea. Cherehani yako bado iko kwenye chumba cha chini, na daftari lako la ushonaji liko kwenye droo yake. Nilisoma kurasa za sindano, za uzi na za gundi. Suruali haikunisumbua. Koti nililipima baba akiwa amesimama jikoni, mikono ameishusha, mgongo umenyooka kama askari. Nikafumua pembeni, nikapunguza, nikakata ziada. Alipolivaa lilimkaa vizuri mpaka mama akapiga mluzi.

Wiki moja baadaye akapanda nalo pikipiki. Alipoinama kushika usukani, mgongo ulikaza na mikono ya koti ikapanda karibu na viwiko. Rafiki yake Rudy Maki alikuwa nje anamsubiri.

"We Dale, hilo koti umemnyang'anya mtoto wa nani?"

"Nyamaza, bwana. Wiki iliyopita lilinienea."

"Wiki iliyopita ulikuwa hujaenda kwenye harusi ya mpwa wangu. Nilikuona na ile keki!"

Wakacheka wote wawili. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nami nikatabasamu. Hilo ndilo kosa langu la pili, shangazi.

Jioni ileile nilirudi kwenye daftari lako. Kwenye ukurasa wa kwanza, ambao niliuruka nikidhani ni utangulizi, uliandika: "Mpime akiwa juu ya pikipiki yake, mikono kwenye usukani. Aliyesimama ni mtu mwingine." Mimi ninayesoma hata maandishi ya nyuma ya boksi la uji!

Tangu siku hiyo baba anaamini amenenepa tena, na hali chakula cha jioni. Hana pa kuhakikisha uzito wake, kwa sababu mama alificha mizani wakati wa baridi. Alikuwa akijipima mara tano kwa siku. Atapimwa kliniki mwisho wa mwezi. Yeye anataka koti limkubali kabla ya Jumapili ya tarehe 19, siku mchungaji anapobariki pikipiki uwanjani kwa kanisa. Jana mezani mikono ilianza kumtetemeka, kwa maana alikuwa amekunywa dawa ya kisukari tumbo likiwa tupu. Mama akakimbilia maji ya machungwa. Baba akasema, "Uchovu tu." Nilikuwa nimekaa mkabala naye na sikufungua mdomo.

Ngozi haina msamaha kama kitambaa. Tundu la sindano halizibiki, na nilichokata nimeshakikata. Ninaogopa ajue nimeharibu kazi ya mikono yako. Ningekupigia simu, lakini najijua: ukipokea nitakusimulia habari za shule tu.

Jumamosi, 11 Mei

Shangazi, sikuipeleka barua posta, kwa hiyo naendelea.

Jana usiku baba alisogeza sahani tena. Leo asubuhi nikamfuata gereji, alikokuwa anafuta pikipiki.

"Baba, hujanenepa."

"Umenipima kwa macho?"

"Koti nililipima umesimama. Ilitakiwa uwe umekaa hapo juu. Nimelijua hilo tangu siku ile ya Rudy."

Akaweka kitambaa chini. "Wiki mbili nalala na njaa, we mtoto, na wewe unanitazama tu?"

"Ndiyo, baba."

"Na shuleni wanasema una akili."

Hakucheka aliposema hivyo. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Una hakika lakini? Sijarudi nilikotoka?" Nikamwambia nina hakika, nikamwonyesha ukurasa wako. Aliusoma mara mbili.

Nilimwomba apande pikipiki na ashike usukani. Nikapima kutoka bega hadi bega, kisha kutoka shingoni hadi kwenye kifundo cha mkono, nikaandika. Nikafumua mshono nyuma ya kwapa la kushoto, nikapachika kipande chenye umbo la jani kutoka kwenye mabaki niliyokuwa nimeyahifadhi. Matundu ya zamani yanaonekana. Nimeyaacha, maana kuyaondoa ni kukata tena. Saa saba mchana nilikuwa nimemaliza upande mmoja. Nikazima cherehani, nikapanda jikoni, nikakaanga mayai matatu, nikamwekea baba mezani, na nikakaa naye hapo mpaka alipomaliza.

Mfikishie salamu Mjomba Ernesto, na binamu Teresa na mwanawe mchanga. Mama anakusalimu sana. Mungu aliponye goti lako, akurudishie miguu ya kutembea unakotaka.

Mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye daima,
Linnea Koskela