Gari la Kusukuma

Dada yangu,

Nakusihi, haya yabaki kwako tu. Hata mama usimwambie. Presha yake unaijua.

Sisi hatujambo. Bosi amenunua gari jipya lenye kamera mbele na nyuma, linalokumbuka kila linakopita. Lakini kipenzi chake bado ni lile kuukuu la marehemu baba yake, lenye viti vya ngozi. Likizimika, mimi karani ndiye hushuka kusukuma. "Sukuma, msomi!" hunitania. "Lile jipya halina siri."

Juzi, akiendesha lile kuukuu, alimgonga mwendesha baiskeli. Gari likazimika. Nilipotaka kushuka, akanishika mkono: "Leo kaa wewe kwenye usukani, mdogo wangu, nisukume mimi. Tumuwahishe hospitali." Dada, nilidhani ni huruma. Watu walipofika walinikuta nimeshika usukani.

"Nilikuwa namfundisha kijana," akawaambia polisi.

Gari jipya lingesema ukweli. Hili kuukuu halikuona kitu, na majeruhi hajazinduka. Nimebaki na mdomo wangu tu, na nani atausikiliza mbele ya ule wa bosi?

Kesho asubuhi natakiwa kituoni. Simu yangu wameichukua. Mpigie fundi cherehani, jirani yangu, umuulize kama nimerudi. Akisema sijarudi, njoo kituo cha polisi kilicho nyuma ya soko, na ukipata wakili, uje naye. Ofisini usipige. Tangu juzi bosi anapokea simu mwenyewe.

Mdogo wako