Jino la Rehema Halikuvunjwa na Kizingiti

Mama Rehema,

Salamu zako zimenifikia, na swali lako pia. Mara tatu sasa unaniuliza jino la mbele la Rehema lilikwenda wapi, na mara tatu nimekujibu kwamba alijikwaa kizingitini. Hakujikwaa. Jino nililivunja mimi, kwa mkono wangu, kwa kijiko cha chai. Naandika barua hii na kuiacha wazi, asomaye asome, kwa sababu uongo wenyewe niliusema waziwazi mbele ya mama yako na nusu ya kijiji cha Kikoneni.

Unalikumbuka jino hilo. Ndilo la kwanza kuota. Ulimpitishia kidole ufizini ukapiga kelele, mimi nikadhani nyoka kaingia ndani. "La chini! Limetangulia la chini!" Ulikuwa umeogopa yasije yakatangulia ya juu, watu wakamwita mtoto kigego, mwenye kisirani. Wiki nzima ukawa unamfungua kinywa kila apitaye apate kuona. Nilikucheka sana, siku hizo nilikuwa na kicheko.

Kisha ukamwachisha ziwa hata mwaka hajatimiza, ukaenda Uarabuni. Sikulaumu kwa kwenda. Kazi yangu ya bustani kule hotelini Diani ilikuwa imekwisha, na mimi ndiye niliyekubebea begi. Ninalokulaumu ni vile unavyosema kwenye simu, "Nitunzie mwanangu." Mwanangu! Kana kwamba uliniachia mbuzi wa watu.

Usiku wa jino hilo homa ilianza magharibi. Mtoto alikuwa akitetemeka, nikaona anasikia baridi, nikamfunika blanketi, na juu ya blanketi kanga zako mbili. Nilimwoka, Mama Rehema. Yapata saa saba akakakamaa kama ubao, macho yakapinduka yakabaki meupe, mikono ikawa inarukaruka, povu likamtoka. Nilijua anakufa. Nilipiga ukelele mmoja, na Bi Mwanasha wa nyumba ya pili akaja mbio, hata viatu hakuvaa.

"Ni nyuni huyo! Dege limempitia! Mtie kijiko, asijiume ulimi!"

Nikatia. Meno yalikuwa yamebana, nikalazimisha, nikasikia jino likivunjika. Damu ikanichuruzika vidoleni. Baadaye mwili ukalegea, akalala akikoroma, na Bi Mwanasha akanishika bega.

"Na usimpeleke kudungwa sindano, baba. Mtoto wa dege akidungwa haamki. Ngoja kuche, mwalimu wa Kurani amwandikie kombe, aya zioshwe kwa maji anywe."

Nikangoja. Hilo linaniuma kuliko jino. Mimi niliyemaliza kidato cha nne, ninayewasomea wazee maandishi ya chupa za dawa, nilikaa ukingoni mwa kitanda nikingoja kuche, kwa kuwa niliogopa sindano. Nikakupigia simu. Nikapiga tena, na tena. Nilijua bibi wa nyumba unayofanyia kazi huifungia simu yako kabatini usiku kwa ufunguo. Nilijua, na bado nilikuchukia.

Kabla ya adhana ya alfajiri dege likarudi, refu kuliko la kwanza. Hapo sikumuuliza mtu tena. Nikamwamsha kijana wa bodaboda, tukashika njia ya Msambweni, mtoto katikati yetu. Hospitalini wakamdunga sindano. Akaamka. Saa nne asubuhi alikuwa anadai uji.

Daktari alikuwa binti mdogo tu, mwenye sauti ya upole. Akanieleza kwamba ni malaria, na kwamba watoto wadogo wengi homa ikiwapanda hupatwa hivyo, wengi wao huacha wakikua. Akanionyesha kwa mikono yake: mlaze ubavu, mpunguzie nguo, tazama saa, kinywani usimtie kitu chochote. Likiisha, mlete. Likipita dakika tano, usingoje liishe. Kisha akamfungua mdomo.

"Nani alimtia kijiko?"

"Jirani," nikasema. Nikamsingizia mwanamke mzee aliyeacha usingizi wake kuja kunisaidia.

Ijumaa ukapiga simu kama kawaida yako.

"Mwanangu mzima?"

"Mzima, alhamdulillahi."

Ukataka habari za harusi ya dada yako. Nikakuhadithia yote, aliyevaa nini, nani aligombania pilau, nikacheka pale pa kucheka. Tangu hapo dege limempata mara mbili zaidi, na mara zote mbili nilifanya kama nilivyofundishwa, peke yangu, saa mkononi, huku Yasini niliyohifadhi tangu chuo cha Kurani ikinipotea katikati. Na kila Ijumaa nikakwambia mzima. Nilijidai nakuhurumia, kwamba ungefanya nini huko, pasipoti yako imo mikononi mwa watu. Si kweli. Nilitaka niwe na jambo moja la Rehema ambalo wewe hulijui. Niliona uchungu ule ni haki yangu peke yangu, nikauatamia kama kuku.

Sasa unaniambia utatia sahihi mkataba mwingine, miaka miwili tena, maadamu mtoto hana shida. Maneno hayo ni yangu, nimekulisha mimi. Ukitia sahihi, mkono utakuwa wako lakini aliyeusukuma ni mimi.

Basi ujue na hili. Dege la mwisho lilimpata juzi. Lilipomwachia alilala kidogo, kisha akafumbua macho akasema, "Mama." Nikakimbilia simu nimwonyeshe picha yako. Akaisukuma. Akanishika ndevu, akanitazama mimi usoni, akasema tena, "Mama."

Sikumsahihisha. Nilimwitikia.

Usitie sahihi, Mama Rehema. Nichukie kwa jino, nichukie kwa kungoja kuche, una haki. Lakini chuki hiyo usinitumie kwa simu. Njoo nayo.

Mumeo uliyemwamini,
Baba Rehema